Geenyo wa Aabo

Karibu na ninapoishi sasa kuna fundi wa viatu ambaye hupaka ngozi mafuta ya mnyama kabla ya kuishona. Watu hupita pale wakiziba pua. Mimi husimama. Tangu Aabo, baba yangu, afariki, nimejikuta nikipitia kibandani kwa fundi yule hata siku ambazo sina kiatu cha kushona, kwa sababu harufu ile ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono yake.

Watu wa rika langu waliokulia Garissa wakati wa vita vya baada ya uhuru hukumbuka harufu ya malori ya jeshi, ya nyasi zilizochomwa, ya ng'ombe waliofia zizini kwa kukosa malisho. Nami nazikumbuka. Lakini kabla ya hizo zote hunijia harufu ya tandiko, jasho la farasi na pumba zilizolowa maji, maana baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi wa serikali, katika mji ambao kila mtu mwingine alijua ngamia.

Farasi hao waliachwa na afisa mmoja Mzungu aliyeondoka bendera ilipobadilishwa. Walikuwa watatu, na wa nne wao alikuwa nyumbu, si yule wa mbugani bali yule anayezaliwa na punda na farasi. Walikaa kwenye banda la mabati nyuma ya kambi, upande wa mtoni, na kazi yao ilikuwa doria za karibu, mahali ambapo gari lilizama mchangani. Aabo hakujaliwa mtoto wa kiume. Mimi nilikuwa wa kwanza, na nyuma yangu walikuja wasichana wawili, kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda bandani kumsaidia. Hooyo, mama yangu, hakupenda. Alikuwa akisema msichana anayenuka farasi ataolewa na nani, na Aabo akimjibu kwamba ataolewa na mtu mwenye mafua.

Pale bandani ndipo nilipopata elimu yangu ya kwanza, kabla sijaelewa lolote darasani. Farasi wa kwanza tulimwita Dheere, yaani Mrefu. Alikuwa na rangi ya kahawia inayong'aa, na mama yake alitoka kwenye mashamba ya Wazungu huko kwenye baridi, katika ukoo wa farasi wa mashindano. Aabo alinifundisha kwamba farasi wa namna ile Mungu amemwumbia mbio fupi. Akienda shoti hakuna wa kumshika, lakini anataka nafaka asubuhi na jioni, anataka maji mara tatu, na karatasi ikipeperuka mbele yake humtupa mtu chini. Wa pili alikuwa wa kijivu, mwenye damu ya Kiarabu, aliyeletwa kutoka pwani. Huyo alikuwa na uso mwembamba na mkia anaouinua kama bibi arusi anayeinua vazi lisiburuzike. Alifaa kumbeba mkubwa siku ya gwaride. Usingeweza kumpiga, kwa sababu hakusahau. Askari mmoja alimchapa fimbo ya pua, na miezi mingi baadaye, askari yule akipita na kofia nyingine kabisa, farasi alimng'ata bega.

Nyumbu alibeba mapipa ya maji. Watu walimwita mkaidi, lakini Aabo alisema nyumbu hagomi bure. Akikataa kwenda, shuka utazame mbele yake kuna nini.

Wa mwisho alikuwa geenyo. Ndivyo tunavyomwita farasi jike kwa Kisomali, na Aabo hakumpa jina lingine. Alikuwa wa kwetu, wa mbegu ya Kisomali, aliyezaliwa upande wa Hadado. Alikuwa mfupi, tumbo kubwa, shingo kama iliyowekwa kichwachini, na manyoya yake yalikuwa na rangi ya vumbi hata baada ya kusuguliwa. Hakuvaa kiatu chochote cha chuma kwa kuwa kwato zake zilikuwa ngumu kuliko mawe. Alikula maganda ya migunga ambayo Dheere asingeyanusa. Aabo alipokuwa na safari yake mwenyewe, alimpanda yeye.

Mimi sikumpenda. Naona aibu kusema hivyo sasa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, na nilidhani ushujaa hupimwa kwa urefu. Dheere alikuwa ndiye shujaa wangu, na geenyo nilimwona kama jamaa maskini aliyekuja kula sikukuu na hataki kuondoka. Nilibadilika kidogo kidogo tu, kwa kumnywesha. Dheere alikunywa huku akikukanyaga. Geenyo alikunywa, akainua kichwa, akakuwekea pua yake yenye maji kifuani, akabaki hivyo.

Wakati huohuo neno moja lilikuwa limejaa mjini: shifta, jina ambalo serikali iliwapa waasi wa porini waliotaka nchi yetu ijiunge na Somalia. Walimu walilisema, redio ililisema, askari walilisema barabarani wakimgeuza mtu na kumpekua. Kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kutambua farasi kwa masikio, kwato na tabia, nilifikiri shifta nao ni aina fulani ya watu, wenye alama zao. Nilikaa wiki nzima nikiwachunguza watu sokoni. Mwisho nilimwuliza Aabo shifta ana masikio ya namna gani.

Alikuwa anamsugua geenyo. Akasimamisha mkono. Nilitegemea acheke, lakini hakucheka. Aliniambia nisiulize tena swali hilo nje ya banda, kisha akaendelea kusugua mahali palepale kwa muda mrefu.

Nyumbani kwetu pia kulikuwa na jambo nisilolielewa. Abti, kaka yake Hooyo, aliyezoea kutuletea tende kila alipokuja mjini, alikuwa haonekani. Tuliambiwa amekwenda Hadado kutafuta ngamia waliopotea. Niliamini, na usiku nilimwombea awapate ngamia wake haraka kwa sababu nilizitaka tende. Hooyo aliposikia dua ile alitoka nje ya nyumba. Nilidhani amekasirika kwamba mimi ni mlafi.

Halafu akaja Inspekta mpya. Alikuwa mtu wa bara, kutoka huko tulikokuita Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa mahali pengine. Alikuwa kijana mwembamba, mpole wa sauti, na jambo la kwanza alilofanya alipofika lilikuwa kwenda bandani na kumwinua Dheere mguu. Alimwambia Aabo kwamba babake alikuwa saisi kwenye shamba la mlowezi, na kwamba yeye mwenyewe alilala juu ya majani ya farasi mpaka alipokwenda shule. Kuanzia hapo alikuwa akija karibu kila jioni. Kiswahili cha Aabo kilikuwa cha kambini, hivyo palipokuwa na neno gumu niliitwa mimi kutafsiri. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Sajini wake alikuwa mtu mwingine. Ndugu yake wa kuzaliwa, askari, aliuawa kwenye shambulio la barabarani upande wa kaskazini, na tangu hapo alitutazama sote kama watu wanaojua nani alifanya. Leo namwelewa zaidi kuliko nilivyomwelewa wakati ule.

Siku moja mchana wote wawili walikuja kukagua banda. Chakula cha farasi kilikuwa kimepungua kwa sababu malori hayakufika. Sajini aliwapita Dheere na yule wa kijivu, akasimama mbele ya geenyo, akasema huyu anakula nafaka ya serikali bure, hafai kwa doria wala kwa gwaride, apigwe risasi nyama wapewe mbwa wa kambi. Inspekta alikuwa akisoma daftari.

Aabo alikuwa mtoni na nyumbu. Palikuwa na mimi tu wa kumtetea geenyo, na nilikuwa na Kiswahili cha shule na kila kitu baba yangu alichonifundisha. Nikakitoa chote. Nilisema geenyo ni bora kuliko wote. Nilisema anaweza kwenda siku mbili bila maji, tena kwenye jua. Anakula miti, hali nafaka. Hakanyagi kwa kelele. Anazijua njia za porini hata ukilala mgongoni mwake. Sajini aliinama akaniuliza kwa upole nimejuaje. Nami, kwa kuona nimepata msikilizaji, niliuinua mguu wa geenyo kama Aabo alivyonifundisha, nikamwonyesha udongo mweusi uliokauka ndani ya kwato. Nikamwambia hapa mjini hakuna udongo kama huo. Ni wa madimbwi ya upande wa Bura. Amekwenda juzi akarudi, na hata hakuchoka.

Kulikuwa na amri wakati ule kwamba mtu asitoke mjini bila kibali. Nilijua hivyo, kila mtoto alijua. Lakini amri hiyo, akilini mwangu, ilikuwa ya shifta, na Aabo hakuwa na masikio yoyote ya ajabu.

Nilimwona Inspekta amefunga daftari. Alinitazama, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Walimkamata Aabo alipotoka mtoni, maji bado yakichuruzika kwenye mapipa. Sajini alimfunga mikono. Aabo alisema tu, kwa Kiswahili chake, "Afande, nyumbu hii ifunguliwe kwanza, mugongo yake inauma." Hakuna aliyefungua. Nilimfungua mimi, na ndipo nilipoanza kuelewa nilichofanya.

Sajini alitaka geenyo auawe jioni ileile. Inspekta alikataa, akasema mnyama ni ushahidi. Kisha akatoa amri ambayo niliiona ya ukatili mtupu. Alisema geenyo asikae tena bandani na farasi wa serikali. Afungwe nyumbani kwa mshukiwa. Na mimi, mimi peke yangu, nitamnywesha saa saba mchana kila siku, wala asipewe maji saa nyingine au na mtu mwingine. Nilifikiri ananiadhibu kwa kuwa nimemficha jambo, au anataka nimtazame mnyama kila siku nikumbuke ulimi wangu.

Siku hizo zilikuwa kumi na moja. Nilikwenda mtoni na debe kichwani, askari wawili wakinifuata, nikarudi shingo ikiuma, nikamwekea geenyo maji chini ya mgunga mbele ya mlango wetu. Alikunywa, akaniwekea pua kifuani. Wanawake wa jirani waliacha kuja kwetu. Wengine waliwaogopa askari, na wengine walikuwa hawajawahi kumsamehe Aabo kula mshahara wa serikali. Sasa waliona serikali yenyewe imemlipa. Hooyo hakunigombeza hata mara moja, na hilo liliniumiza kuliko fimbo. Yeye ambaye hakuwahi kumgusa farasi, siku ya tatu alitoka na chumvi kidogo kiganjani, ambayo farasi huipenda, akaitia ndani ya maji ya geenyo, akarudi ndani. Akafanya hivyo kila siku.

Siku ya kumi na mbili askari walikuja asubuhi wakamchukua geenyo. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wameitwa kwenye uwanja wa mchanga mwishoni mwa mji, njia inapogawanyika kwenda Bura. Wazee wachache, wanawake, askari kwenye gari. Aabo aliletwa akasimamishwa kando. Alikuwa amekonda, na kanzu yake ilikuwa na madoa. Hakunitazama, nami nilidhani hatanitazama tena maishani.

Inspekta alieleza, na mkalimani wa kambi akarudia kwa Kisomali. Alisema udongo kwatoni hauthibitishi kitu, farasi hutoroka kwenda malishoni. Lakini imesemwa kwamba huyu anazijua njia mwenyewe. Basi ataachiliwa bila mtu na bila hatamu. Akienda porini, askari watamfuata, na watakayemkuta huko atajibu pamoja na mwenye farasi. Akirudi nyumbani, kesi imekwisha. Sajini alikubali mbele ya wote. Alisema mnyama hajui kusema uongo.

Nilitaka kupiga kelele kwamba geenyo hajanyweshwa. Saa saba ilikuwa inakaribia, na niliona ubavu wake ukienda juu na chini kwa kiu. Niliona hilo ni dhuluma nyingine juu ya dhuluma, kumtesa kwa kiu kisha kumtaka atoe ushahidi. Hooyo alikuwa amenishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi katikati ya jua lile.

Walimtoa hatamu. Geenyo alijikung'uta, akainua kichwa, akaelekeza masikio yote mawili upande wa Bura. Akakaa hivyo. Kisha akapiga hatua kuelekea huko, moja, mbili, tatu. Dereva wa gari aliwasha injini. Kucha za Hooyo ziliingia kwenye kiganja changu, na alama zake zilibaki siku kadhaa.

Geenyo akasimama. Upepo ulikuwa ukitoka mtoni. Akageuza shingo yake mbaya, akapita katikati ya watu bila kumgusa mtu, akashika njia ya nyumbani kwetu kwa mwendo wa haraka ambao si mbio wala si kutembea. Umati ukafuata. Alipofika chini ya mgunga alisimama mbele ya debe tupu, akalisukuma kwa pua, likaanguka, akaligeukia kundi lote kama mtu anayeuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nikakimbia kutafuta maji. Nyuma yangu nilisikia mzee mmoja akimshukuru Mungu kwa sauti, kisha wengine. Sajini alivua kofia, akajifuta jasho, akarudi kwenye gari.

Aabo alifunguliwa kabla ya alasiri. Alioga, akaswali, kisha akaja nilipokuwa nimejificha nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kuomba msamaha na yote yalinitoka. Aliketi chini kando yangu. Alisema, "Mtu alitaka kumuua mnyama wako, ukamsifu. Ningekulaumu kwa lipi?" Nikalia mpaka nikalala.

Miezi iliyofuata haikuwa myepesi. Dheere aliugua ugonjwa wa mbung'o, wale inzi wa mtoni, akafa akiwa mifupa. Wa kijivu alipakiwa kwenye lori akapelekwa bara, na tulimsikia akipiga teke mbao mpaka lori lilipovuka daraja. Watu wa porini waliletwa mjini kwa nguvu, wakawekwa ndani ya ua wa miiba na mifugo yao, na mifugo ikafa mingi. Banda lilifungwa. Inspekta aliandika barua kwamba geenyo ni mnyama asiyefaa kwa kazi ya serikali na akampa Aabo. Kisha naye akahamishwa. Siku aliyoondoka alinipungia mkono kutoka kwenye gari, nami nikageuza uso. Geenyo aliishi miaka mingi, akazeeka Bura kwa jamaa zetu, akafa kwa uzee tu.

Nilikua, nikawa mwalimu, nikaolewa na mtu mwenye pua nzima. Kila nilipowasimulia wanangu habari ile, mtu mbaya alikuwa Inspekta: yeye aliyemnyima mnyama maji, yeye aliyemchezea baba yangu maisha kwa mchezo wa bahati. Nilisimulia hivyo hata mbele ya Aabo, akiwa mzee, nikiwa nimekuja likizo kumkanda miguu. Hooyo alikuwa ameshatangulia. Aabo alisikiliza mpaka mwisho, akawaambia wajukuu watoke nje.

Ndipo aliponiambia kwamba Abti hakuwahi kwenda Hadado. Alikuwa porini upande wa Bura na wenziwe, mguu umepigwa risasi na kuoza. Aabo alikwenda kwake mara tatu juu ya geenyo. Mara mbili alimpelekea maziwa na dawa alizofunga Hooyo. Mara ya tatu alimkuta amekufa, akamzika peke yake. Wenziwe Abti walikuwa bado wako huko. Geenyo angetembea kidogo tu zaidi siku ile, askari wangewakuta.

Nilikaa na mguu wake mikononi. Nilimwuliza kama Inspekta aliwahi kujua.

"Aliniuliza siku ya kwanza, tukiwa wawili," Aabo akasema. "Hakunipiga. Alinipa chai. Nikamwambia yote."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza kama mama yako anajua kwamba kaka yake amekufa. Nikasema anajua. Akaniuliza kama yule marehemu alimnywesha geenyo. Nikasema huko madimbwi yamebaki tope tupu, alikuwa akirudi na kiu yake nyumbani. Akaniuliza nyumbani hunyweshwa na nani. Nikamwambia, na binti yangu."

Wanangu walikuwa wakicheza nje, na sauti zao zilijaa chumbani. Ndipo nilipoielewa amri ile ya saa saba: siku zote kumi na moja alikuwa akimfundisha geenyo kurudi nyumbani. Mtu yule nilikuwa nimemchukia zaidi ya miaka thelathini, na nilikuwa sijui hata anaitwa nani. Nikamwuliza Aabo. Akanitajia jina lake, lote, na la baba yake aliyekuwa saisi. Tangu siku ile, nikimaliza kumwombea Abti, humtaja na yeye.